Vifuko vya seli vinapokataa kupimika: dalili, chanzo na marekebisho

Sampuli ni moja, mrija ni mmoja, siku ni moja. Saa mbili asubuhi mashine imetoa nanomita 139. Saa nane mchana imetoa 115. Kabla hujaandika kwamba vifuko vimesinyaa, tazama kipimajoto cha ukutani. Julai ya Nairobi, chumba kisicho na hita huamka kikiwa nyuzi 18 au chini, na tofauti uliyoiona inaweza kuwa baridi tupu. Hesabu yake iko mbele kidogo.

Mwongozo huu ni wa anayepima ukubwa wa vifuko vinavyotolewa na seli kwa mbinu ya kufuatilia mwendo wa chembe, ile ambayo maabarani watu huiita NTA tu, kwa mashine kama NanoSight au ZetaView. Humu, “kifuko” ni kile kijikoba chenye ngozi ya mafuta kinachotoka kwenye seli, na “chembe” ni kitu chochote ambacho kamera imekiona kiking'aa. Shida nyingi hutokana na kuchanganya hivyo viwili. Mashine huhesabu chembe, kifuko haikijui.

Mashine inapima nini hasa

Leza inapita kwenye kimiminika, chembe zinang'aa kama vumbi kwenye mwale wa jua unaopenya dirishani, na kamera inarekodi zinavyohangaika. Ndogo huhangaika sana, kubwa hujikokota. Kutokana na mwendo huo programu hukokotoa kipenyo kwa kanuni ya Stokes na Einstein, ambayo inataka mambo matatu: mwendo wa chembe, halijoto, na mnato wa kimiminika. Kinachopimwa kwenye video ni mwendo peke yake. Halijoto hutoka kwenye kihisi, na mnato ama umeuandika wewe ama programu imeuchukua kwenye jedwali la maji safi.

Chembe ya nanomita 100 kwenye maji ya nyuzi 25 husogea takriban mikromita 0.8 kati ya fremu na fremu, kamera ikipiga fremu 30 kwa sekunde. Chochote kinachoiongeza au kuipunguza hiyo 0.8, iwe lori barabarani, sukari iliyobaki kwenye bafa (kimiminika kinachobeba vifuko) au kihisi kilichochoka, kitajitokeza kwenye ripoti kama badiliko la ukubwa. Kwa hiyo fuata mpangilio huu kila siku: shanga kwanza, bafa tupu ya pili, sampuli mwisho.

Shanga zenyewe zinasoma vibaya

Tumia shanga za polistirini za nanomita 100 zenye cheti. Zikitoka nje ya asilimia 5 ya namba ya kwenye cheti, usiweke sampuli yoyote.

Mara nyingi kosa ni uzimuaji. Chupa ya shanga za nanomita 100 yenye asilimia 1 ya polistirini ina takriban chembe trilioni 18 kwa kila mililita. Unachotaka kwenye mashine ni karibu milioni 100. Kutoka huko hadi huku ni mara 180,000, na hakuna pipeti ya kuifanya kwa hatua moja. Tikisa chupa vizuri, kisha:

1. Mikrolita 10 za shanga kwenye mikrolita 990 za maji yaliyochujwa. Changanya. Sasa una bilioni 180.
2. Mikrolita 10 za hiyo kwenye 990 nyingine. Bilioni 1.8.
3. Mikrolita 55 za hiyo kwenye 945. Takriban milioni 99.

Maji, si PBS (bafa ya chumvi na fosfeti). Chumvi huondoa nguvu inayozifanya shanga zisukumane, nazo hushikana mbilimbili na tatutatu. Kwenye grafu utaona kilima cha pili kulia kwa kile cha 100. Kwa vifuko ni kinyume chake: ukivitia kwenye maji matupu, maji huingia ndani, vinavimba na vingine vinapasuka. Shanga kwa maji, vifuko kwa PBS. Anayetumia chupa moja kwa vyote viwili ataharibu kimojawapo.

Mchanganyiko wa hatua ya tatu usiuweke wiki nzima. Shanga hunata kwenye plastiki na hesabu hushuka. Tengeneza mpya kila asubuhi. Ni kazi ya dakika tano.

Bafa tupu ina chembe

Hii ndiyo dalili inayopuuzwa kuliko zote, labda kwa sababu inaudhi: hujafanya lolote na tayari kuna vitu vinaogelea. Bafa safi isionyeshe zaidi ya chembe tatu hivi kwa fremu. Hesabu ya bafa ikizidi sehemu ya kumi ya hesabu ya sampuli, kipimo cha siku hiyo hakina maana hadi chanzo kipatikane.

Anza na maji. Watu husoma megaohm-sentimita 18.2 kwenye kioo cha mtambo wa kusafisha maji wakadhani wamemaliza. Namba ile inapima ioni. Chembe isiyo na chaji, vipande vya resini, mabaki ya bakteria waliokaa kwenye bomba tangu Ijumaa, vyote hupita bila kuigusa. Mwaga lita ya kwanza ya asubuhi, hasa Jumatatu, kisha pima hayo maji yenyewe kwenye mashine kabla ya kuyatilia kitu.

Maji yakiwa safi na PBS si safi, tazama kilichoongezwa. Vidonge vya PBS visivyoyeyuka kabisa huacha unga usioonekana kwa macho. Fosfeti ikikutana na kalsiamu, hata kidogo, hutengeneza vipunje vya kalsiamu fosfeti vya ukubwa uleule wa vifuko, na vinaongezeka kadiri chupa inavyokaa. Ndiyo sababu PBS iliyochujwa mwezi uliopita si PBS iliyochujwa. Chuja siku ya kutumia, kwa kichujio cha nanomita 20 au angalau 100. Kile cha nanomita 220 ni cha kuzuia bakteria. Vifuko na takataka zinazofanana navyo vinapita.

Kichujio kipya nacho hutema. Mililita 5 za kwanza zimwage. Sindano za plastiki zenye mpira mweusi mara nyingine huacha mafuta ya silikoni, ambayo hung'aa kama matone mviringo mazuri sana ya kudanganya. Tumia sindano zisizo na mpira.

Na tafadhali usichuje sampuli yenyewe ili “kuisafisha”. Kichujio cha nanomita 20 kitabakisha vifuko vyako vyote, na cha 220 kitaondoa vile vikubwa na kubana vingine vikipita kwa nguvu. Grafu itapendeza, lakini itakuwa grafu ya kichujio.

Ukubwa umepanda kuliko unavyotarajia

Vifuko vidogo, vile watu hupenda kuviita eksosomu, huwa takriban nanomita 30 hadi 150. Vile vinavyochipuka moja kwa moja kwenye ngozi ya seli hufika hadi 1,000. Ukitoa sampuli ya kwanza na kilima kimekaa kwenye 200 au 250, pitia haya.

*Baridi.* Rudi kwenye mfano wa mwanzo. Kwenye nyuzi 25 mnato wa maji ni milipaskali-sekunde 0.89; kwenye nyuzi 18 ni 1.05. Programu ikiamini ni 25 huku chumba cha sampuli kikiwa 18, chembe zinakwenda polepole na programu inadhani ni nene. Ya nanomita 100 itasomeka 121. Ya 115 itasomeka 139. Kwa ujumla, kila nyuzi moja ya kosa ni kati ya asilimia 2 na 3 ya kipenyo. Dawa: weka kidhibiti joto kwenye nyuzi 25, si “joto la chumba”. Mashine isiyo na kidhibiti ipimwe kwa kipimajoto cha pembeni kilichosahihishwa, na namba iandikwe kwa mkono. Ukitoa sampuli kwenye barafu, iache mezani nusu saa kabla ya kuipakia, na ikishaingia ngoja dakika mbili tatu kabla ya kurekodi.

*Mnato.* Vifuko vilivyotengwa kwa mteremko wa sukrosi au aiodiksanoli hubeba mabaki. Sukrosi ya asilimia 10 ina mnato wa juu kwa karibu theluthi moja kuliko maji, kwa hiyo ukubwa nao unapanda kwa theluthi moja. Gliserini ya kuhifadhia hufanya vivyo hivyo. Ukizimua sampuli mara 100 au zaidi tatizo hili huisha lenyewe. Ukilazimika kuzimua mara 5 tu kwa sababu vifuko ni vichache, badilisha bafa kwanza, au weka mnato halisi kwenye programu.

*Kushikana.* Sentrifuji ya kasi, tuseme 100,000 g (mara 100,000 ya nguvu ya uvutano) kwa dakika 70, hubana vifuko chini ya mrija hadi vinakuwa tope. Ukilitibua kwa haraka linavunjika kuwa mabonge, nayo mashine huliona bonge kama chembe moja kubwa. Ongeza mikrolita 100 za PBS, acha kwenye barafu nusu saa, kisha vuta na sukuma kwa pipeti polepole mara 20 hadi 30 bila kutoa povu. Ili kujua kama ni mabonge, zimua sehemu moja mara mbili zaidi ya nyingine na uzipime zote. Hesabu ikipungua nusu na ukubwa ukabaki palepale, hakuna tatizo. Ukubwa ukishuka pamoja na hesabu, ama mabonge yanaachana ama ulikuwa umepakia chembe nyingi mno.

*Msongamano.* NanoSight hupendelea chembe 20 hadi 100 kwa fremu; ZetaView huvumilia hadi 200 hivi. Zikizidi, mapito yanakatizana, programu inabadilishana chembe moja kwa nyingine, na miale ya chembe kubwa inafunika ndogo zilizo karibu. Kwa sampuli usiyoijua, anza kwa kuzimua mara 1,000, halafu rudi nyuma.

*Kizingiti na kamera.* Kamera ikifunguliwa sana, chembe kubwa huwa madoa meupe yenye duara kama taa ya gari kwenye ukungu wa Limuru, na kitovu chake hakishikiki. Kizingiti, yaani mwanga wa chini kabisa ambao programu huuhesabu kuwa chembe, kikiwa juu mno, programu inaziacha chembe hafifu, yaani ndogo, na wastani unapanda. Hili lina uzito wa kupewa sehemu yake.

Vifuko vidogo havionekani kabisa

Kiasi cha mwanga ambacho chembe ndogo hutawanya hufuata kipenyo kikiwa kimepandishwa kwenye kipeo cha sita. Ukipunguza kipenyo nusu, kutoka 100 hadi 50, mwanga unashuka mara 64. Ukifika 30 umeshuka zaidi ya mara 1,000.

Halafu kuna aina ya kitu chenyewe. Namba ya kupinda mwanga ya maji ni 1.33, ya polistirini 1.59, na ya vifuko huwa karibu 1.38, kwani ndani yake kumejaa maji vilevile. Ukifanya hesabu kwa namba hizo, shanga ya nanomita 100 hutawanya mwanga karibu mara 25 zaidi ya kifuko cha ukubwa uleule. Mtu anaweka kamera ikawa nzuri kwa shanga, anapakia vifuko bila kugusa kitu, na sehemu ya vifuko vyake inabaki gizani. Kipimo cha shanga kinathibitisha kwamba mashine inajua kukokotoa. Hakithibitishi kwamba inaviona vifuko vyako.

Weka hivi: pakia sampuli halisi, pandisha kamera hadi chembe hafifu zianze kuonekana na zile kubwa zisizidi asilimia 20 kufura, kisha shusha kizingiti hadi alama nyekundu za programu ziangukie kwenye nukta unazoziona kwa macho yako, wala si kwenye giza. Mipangilio hiyo ifungie, na sampuli zote unazotaka kulinganisha zipimwe nayo. Ukibadilisha kizingiti katikati ya mradi, umeanza mradi mpya.

Hata hivyo chini ya nanomita 60 au 70 mashine nyingi za aina hii haziaminiki kwa vifuko. Mteremko wa grafu upande wa kushoto wa 60 ni mwisho wa uwezo wa kamera. Usiandike kwamba seli zako hazitoi vifuko vya 40. Anayevihitaji hivyo aende kwenye hadubini ya elektroni ya baridi.

Ukubwa umeshuka mno, au kuna kilima cha 20 hadi 40

Kilima chembamba pale 20 hadi 40 karibu siku zote ni kelele ya kamera: kizingiti kimeshushwa hadi programu inafuata madoa ya umeme. Rudia video ya bafa tupu kwa mipangilio ileile. Kilima kikiwepo hata huko, umepata jibu.

Sababu nyingine ni mtetemo. Unaongeza mwendo juu ya mwendo, kwa hiyo chembe huonekana nyepesi kuliko zilivyo. Jengo lililo karibu na Thika Road au Mombasa Road halihitaji maelezo. Lakini mara nyingi adui yuko chumbani: sentrifuji kwenye meza moja na mashine, kompresa ya friza, feni, jenereta ya nyuma ya ukuta. Jinsi ya kumkamata: tafuta chembe iliyonata kwenye kioo. Ipo, daima ipo. Hiyo inatakiwa itulie kama jiwe. Ikitikisika, na majirani zake wote wakiruka nayo kwa pamoja, ni mtetemo. Ikitulia huku nyingine zote zikielea upande mmoja, ni mkondo, ambao programu huusahihisha ukiwa mdogo. Mkubwa ni dalili ya mrija unaovuja au joto lisilo sawa, na dawa yake ni kukaza viungo na kungoja.

Meza ya zege yenye pedi za mpira husaidia kuliko meza ya mbao yenye magurudumu.

Viputo

Sampuli imeingia, na ukingoni mwa picha kuna ung'avu unaofifisha kila kitu, au chembe zote zinakimbilia pembeni. Ni kiputo cha hewa. PBS ya friji, nyuzi 4, hubeba hewa nyingi. Ikifika kwenye chumba cha nyuzi 25 inaitema. Nairobi ina lake la ziada: tuko takriban mita 1,700 juu ya bahari, na kanieneo ya hewa ni karibu kilopaskali 83 badala ya 101. Chupa iliyofungwa Mombasa au ng'ambo ikifunguliwa hapa inatoa hewa kama soda iliyopoa. Ifungue saa moja kabla, iache mezani, au iweke kwenye vakyumu kwa robo saa. Ukiamua kuichemsha ili kutoa hewa, kumbuka maji yetu huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, kwa hiyo usisubiri 100.

Sukuma sampuli polepole, sindano ikiwa imeinamishwa ili hewa ibaki nyuma.

Hesabu inaruka kutoka video hadi video

Rekodi video tano za sekunde 60, na kati ya moja na nyingine sukuma sampuli mpya kidogo. Ukibaki na sehemu ileile unapima chembe zilezile mara tano na kujisifu kwa uthabiti. Ukipata mapito kamili chini ya 1,000 kwa jumla, ongeza video. Pito fupi la fremu tano sita hutoa kipenyo cha kubahatisha na kuupanua mgawanyo pande zote mbili.

Hesabu ikishuka mfululizo, 60, 48, 39, vifuko vinanata kwenye mrija na kioo. Hii ni kawaida kwa sampuli safi sana na nyembamba. Tumia mirija ya kunata kidogo, zimua dakika chache kabla ya kupima, usiache mchanganyiko hadi baada ya chakula cha mchana. Kwa kuhifadhi, PBS iliyotiwa HEPES milimola 25, albumini ya binadamu asilimia 0.2 na trehalosi milimola 25 hulinda vifuko kwenye nyuzi 80 chini ya sifuri kuliko PBS tupu. Lakini albumini nayo ichujwe, na bafa tupu ya kulinganisha iwe hiyohiyo.

Stima ikipotea katikati, video inayorekodiwa haifai, na leza na kidhibiti joto vinahitaji dakika 15 hadi 20 kurudi sawa. UPS ya kompyuta peke yake haitoshi. Iunganishe na mashine pia. Swali zito zaidi ni la friza: kama sampuli iliyeyuka usiku na kuganda tena, andika hivyo kwenye daftari. Kuganda na kuyeyuka hupasua vifuko vingine na kugandanisha vingine, na hakuna mpangilio wa kamera utakaorudisha hali ya mwanzo.

Chembe ni nyingi kupita kiasi: plasma, maziwa, vimelea

Bilioni 1,000 kwa mililita ni habari njema inayotakiwa kutiliwa shaka.

Kwenye plasma, washukiwa wa kwanza ni lipoproteini, yaani vibebea mafuta vya damuni (LDL, VLDL na kailomikroni), ambazo ni nyingi kuliko vifuko kwa maelfu na maelfu. LDL ina nanomita 20 hadi 25, haionekani moja moja ila huleta ukungu. VLDL ni 30 hadi 80. Kailomikroni, ambazo hujaa damuni saa chache baada ya chakula chenye mafuta, ni kuanzia 75 hadi mamia ya nanomita, palepale vifuko vilipo. Mchangiaji aliyekuja kliniki baada ya chai ya maziwa na mandazi mawili atakupa plasma yenye weupe na grafu nzuri ya mandazi. Achukuliwe damu akiwa hajala tangu usiku. Tumia mrija wa sitreti, inayozuia damu kuganda, zungusha 2,500 g kwa dakika 15, hamishia plasma kwenye mrija mpya bila kugusa tabaka la chini, na uzungushe tena vivyo hivyo kabla ya kugandisha. Chembe sahani zikibaki na kugandishwa, zitapasuka na kuwa “vifuko” ambavyo mgonjwa hakuwahi kuwa navyo.

Maziwa, ya ng'ombe au ya ngamia, yana kaseini iliyojikusanya katika vidonge vya makumi hadi mamia ya nanomita. Kuondoa krimu hakutoshi. Kaseini inashikiliwa na kalsiamu, kwa hiyo sitreti au EDTA, ambazo huinyakua kalsiamu, huivunja.

Kwa wanaokuza vimelea vya malaria, kuna mitego miwili. Albumax iliyo kwenye chakula cha seli imejaa mafuta na ina chembe zake. Halafu hemozoini, ile rangi ya kahawia ambayo kimelea hutengeneza anapokula hemoglobini: seli ikipasuka baada ya saa 48 hivi, fuwele zake humwagika, nyingi zikiwa na ukubwa wa vifuko, nazo hung'aa sana. Hemozoini ni nzito na huvutwa na sumaku, kwa hiyo safu ya sumaku huipunguza. Kipimo cha kulinganisha kiwe seli nyekundu zisizo na vimelea, kiasi kilekile, chakula kilekile, saa zilezile. Bila hicho huwezi kusema “seli zilizoambukizwa hutoa vifuko zaidi”.

Serumu ya ndama kwenye chakula cha seli nyingine nayo ina vifuko vya ng'ombe. Kuizungusha 100,000 g usiku kucha, saa 18, ikiwa imezimuliwa, huvipunguza sana; haivimalizi. Pima chakula ambacho hakijaguswa na seli, kilichokaa kwenye kitotoleshi muda uleule.

Ili kuuliza kama chembe ni vifuko kweli, gawa sampuli mara mbili. Sehemu moja itie Triton X-100, sabuni ya maabara, hadi asilimia 0.5 au 1, iache nusu saa kwenye joto la chumba, zimua na upime. Vifuko vitapasuka na hesabu itaporomoka. Kinachobaki kiking'aa ni protini iliyogandana, fuwele au vumbi. Kipimo hiki hakitofautishi vifuko na mafuta yote, kwa hiyo kiende pamoja na alama za protini za vifuko. Hata hivyo ukiona Triton haikubadilisha chochote, usiendelee na sampuli hiyo.

DLS inasema 240, NTA inasema 130, hadubini inasema 90

Zote zinaweza kuwa sahihi. DLS, mbinu nyingine ya kupima ukubwa kwa mwanga unaotawanywa, hupima mwanga wa chembe zote kwa mpigo, na kwa kipeo kile cha sita, chembe moja ya nanomita 500 hung'aa sawa na 15,625 za nanomita 100. Vumbi kidogo, na wastani umepanda. Ikikupa kiashiria cha mtawanyo juu ya 0.3, acha kunukuu wastani wake. Hadubini ya elektroni ya kawaida hukausha vifuko, navyo husinyaa hadi kuwa kama bakuli. NTA hupima kifuko kikiwa majini pamoja na maji yanayoandamana nacho. Kati ya NTA na hadubini, tofauti ya makumi ya nanomita ni ya kutarajiwa. Tofauti ya mia irudishe kwenye mabonge.

Kwenye ripoti, toa kilele, kipenyo cha katikati (median) na D10 hadi D90 (vipenyo ambavyo asilimia 10 na asilimia 90 ya chembe ziko chini yake), si wastani peke yake. Andika halijoto, mnato, kamera, kizingiti, idadi ya video, uzimuaji, na hesabu ya bafa tupu. Na kama hujaonyesha vifuko vimetoka wapi ndani ya seli, viite vifuko vidogo. MISEV2023, mwongozo wa kimataifa wa utafiti wa vifuko vya seli, unashauri hivyo, kwani ukubwa pekee hauonyeshi asili.

Kilima chembamba pale 100 kamili

Sampuli ya kibayolojia haina kilima chembamba hivyo. Ni shanga za asubuhi zilizobaki kwenye mrija. Suuza kwa maji yaliyochujwa, mililita 5, mara tatu, ukivuta hewa katikati, kisha PBS, kisha rekodi bafa tupu. Usianze na ethanoli mara baada ya sampuli yenye protini: protini itaganda kwenye kioo, na kesho utakuwa na chembe nyingi zilizonata kuliko unazohitaji kwa kukagua mtetemo. Maji kwanza, ethanoli baadaye. Sindano ya shanga ifungwe utepe mwekundu, na isiingie kwenye sampuli hata ikiwa ndiyo pekee iliyobaki kwenye droo.